Gari lenye akili mbili

Propela ya mbele, ile fimbo nene ya chuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele, ilikuwa imelala ndani ya bodi, imeviringishwa kwenye gunia na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilipomuuliza aliyekuwa ananiuzia lori kwamba propela ile ni ya nini, alisema, "Hiyo ni spea tu, ssebo. Nakuongezea bure." Nikafurahi. Niliona nimepata nyongeza, kama mama wa sokoni anavyokutupia nyanya mbili juu ya fungu ulilolipia.

Ilinichukua miezi minne, meno mawili ya kraunwili (gia kubwa iliyomo ndani ya ekseli) na usiku mzima ndani ya kabini kando ya barabara ya Kamuli, huku kwetu Uganda mashariki, kujua kwamba haikuwa spea. Ilikuwa propela ya lori lile lile. Kuna mtu aliifungua kwa makusudi, akiwa na sababu nzuri kabisa, kisha akanyamaza.

Lori lenyewe ni Bedford MK, gari la jeshi la Waingereza la miaka ya 1970. Lilitengenezwa kubeba tani nne kwenye njia isiyo njia, magurudumu yote manne yakivuta. Injini ina silinda sita, lita 5.4, na ya MK ilibuniwa inywe mafuta ya aina zaidi ya moja, maana vitani huchagui kituo cha mafuta. Haiko mbele kama unavyotegemea. Iko nyuma ya viti, unaifikia kwa kufungua kibamba cha pembeni, na ukisafiri mchana wa Februari inakuchoma mgongo kama mtu aliyekuegemeza kwenye sufuria ya githeri. Jeshi lilipoyachoka, mengi ya malori haya yalinunuliwa na kampuni za kusafirisha watalii, wale vijana wa Kizungu waliokuwa wakitoka London kuja Nairobi na kuendelea kusini, wakilala kwenye mahema na kupika kando ya gari. Jinja ilikuwa kituo chao kwa sababu ya Mto Nili. Hili langu lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe upande wa Bujagali tangu kabla maporomoko hayajafunikwa na maji ya bwawa mwishoni mwa 2011. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Nililitaka kwa ajili ya miwa. Anayelima miwa Busoga anajua kwamba shida haiko shambani wala haiko kiwandani. Iko kwenye zile kilomita tatu za katikati, mvua ikinyesha. Malori ya kawaida yanasubiri njia ikauke, na miwa iliyokatwa haisubiri, inakauka na uzito unapungua kila siku inayolala chini. Lori linalovuta mbele na nyuma lingepita siku ambazo wenzangu wamekaa wanacheza mweso. Hiyo ndiyo hesabu niliyompigia mama watoto. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: "Na kama ni zuri hivyo, kwa nini kuku ndio wanalitumia?"

Kitu cha kwanza tulichofanya kilikuwa kulipaka rangi. Hapa kwetu raia haendeshi kitu chenye kijani cha jeshi akafika mbali. Tulilipaka buluu. Cha pili, kwa ushamba wangu, kilikuwa kuichukua ile "spea" na kuifunga mahali pake. Vijana wa gereji waliona flenji mbili tupu, yaani vibamba vya kufungia propela, moja kwenye transfa, kasha la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, na moja kwenye difu ya mbele, kasha la gia lililo katikati ya ekseli, na mimi nilikuwa na propela inayokaa pale sawasawa. Bolti nane, krosi, vile viungo vya propela, zikatiwa grisi, kazi ya asubuhi moja. Hakuna aliyeuliza kwa nini ilifunguliwa.

Msimu wa kwanza wa mvua lilifanya kazi kama nilivyoota. Niliingiza gia ya kuvuta mbele, likapita kwenye matope kama kiboko. Lilikuwa linanguruma kidogo na usukani ulikuwa mzito, nikasema ni uzee. Kisha siku moja jioni tulitoka shambani tumepakia, tukapanda lami ya Kamuli, na ile gia ikakataa kutoka. Dereva akavuta, akapiga kwa kiganja, akapiga kwa teke. Kuna ujanja wa kurudi nyuma mita chache ili gia zilegee, akaufanya, ikalegea, lakini kabla hajaitoa lori lilikuwa limeshasogea mbele tena na gia imekamata upya. Tukasema twende pole pole hadi kiwandani. Hatukumaliza kilomita moja. Ulikuwa mlio mmoja tu, kama nyundo imeanguka ndani ya pipa, halafu ikafuata sauti ya kitu kinachotafuna mawe.

Nililala mle ndani kwa sababu ya miwa na kwa sababu ya betri. Asubuhi tuliifungua propela ya mbele pale pale barabarani, tukairudisha kwenye gunia lake, na lori likajiendea lenyewe kwa magurudumu ya nyuma.

Hapo ndipo nilipompata Afande. Simtaji jina kwa sababu hapendi, na mtaa mzima wa Walukuba, hapa Jinja, anaitwa hivyo hivyo. Alikuwa fundi wa magari jeshini, akastaafu, sasa anakaa kwenye kibaraza chake na meza moja ya vyuma, na anaongea Kiswahili cha kambi ambacho mwalimu wangu wa darasa la saba angekifuta ubaoni chote. Lakini ndicho lugha ya mtaa ule. Walukuba ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda waliotoka kila upande, na watu waliotoka kila upande wanahitaji lugha isiyo ya yeyote. Ukienda Kampala utasikia wakisema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Afande alikuwa askari, na mimi wakati huo niliamini nimeuziwa lori na mwizi, kwa hiyo tulielewana haraka.

Hakuangalia injini. Hakuangalia hata difu iliyovunjika. Aliomba chaki.

Aliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, moja tu, lile la pili akaliacha chini na kulitia kabari mbele na nyuma. Gia zote nje, breki ya mkono nje. Akachora mstari kwenye tairi na mstari mwingine kwenye propela. Kijana mmoja akalala chini kuiangalia propela, mwingine akashika tairi na kulizungusha taratibu mara mbili kamili, na yule wa chini akahesabu kwa sauti. Mara mbili ni kwa sababu ya zile gia ndogo zilizomo ndani ya difu: gurudumu moja likishikwa, jingine linakimbia maradufu, kwa hiyo mizunguko miwili ya tairi moja ni mzunguko mmoja wa kraunwili. Idadi unayoipata kwenye propela ndiyo hesabu ya difu yako. Hakuna kitabu, hakuna kufungua kitu, na meno hayahesabiwi moja moja.

Nyuma tulipata tano na zaidi kidogo ya nusu. Mbele, ambako gia zilikuwa zinakwaruza lakini bado zinazunguka, tulipata sita na karibu robo. Akarudia, akapata vile vile. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Kijana, hii gari iko na akili mbili."

Kisha akanieleza, na mimi nilienda nyumbani nikapiga hesabu upande wa nyuma wa daftari la mtoto. Chukua 6.2 mbele na 5.6 nyuma. Gia ya kuvuta mbele ikiingia, transfa inazifunga propela mbili zizunguke sawa. Zikizunguka mara 100, magurudumu ya mbele yanazunguka mara 16 na kitu, ya nyuma karibu mara 18. Tairi letu ni 12.00-20, linatembea kama mita tatu na nusu kwa mzunguko. Maana yake kabla lori halijamaliza mita 60, nyuma inaidai mbele mita sita. Kwenye matope deni hilo linalipwa na tairi kuteleza, hata hujui. Kwenye lami tairi halitelezi, hasa likiwa na mzigo. Deni linajikunja ndani ya propela, ndani ya shafti, ndani ya meno, mpaka kiungo kilicho dhaifu kuliko vingine kinalipa kwa niaba ya wote.

Ieleweke kwamba hata gari ambalo difu zake zinalingana halipaswi kufungiwa magurudumu yote manne kwenye lami, kama transfa yake haina difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka tofauti. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, na deni lile lile linaanza kujikunja. Lakini linakua polepole, na ukirudi nyuma kidogo unalitoa. La kwangu lilikuwa linakua hata kwenye njia iliyonyooka.

Niliuliza ni mjinga gani alifanya hivi. Afande alicheka. Akaniambia si mjinga. Aliyebadilisha gia za difu ya nyuma alikuwa anataka mwendo. Lori la jeshi lina gia fupi, limejengwa kupanda mlima likiwa na mzigo, na kwenye barabara kuu linapiga kelele sana na kwenda kidogo. Ukiwa unasafirisha watalii kutoka Nairobi hadi Jinja kwenye lami, unaweka gia ndefu nyuma, unafungua propela ya mbele kwa sababu sasa hazilingani, unaiweka kwenye bodi kwa heshima, unaenda zako. Kazi safi. Kilichokosekana ni kipande cha karatasi.

Alikuwa ameliona hili mara nyingi kwenye Land Rover. Zile za zamani, za Series, difu yake ni 4.7, na ya Range Rover ya kwanza ni 3.54, na ya pili inaingia kwenye nyumba ya ya kwanza bila kulazimishwa. Mtu anavunja difu ya nyuma, anapata ya Range Rover kwa bei nafuu, anaifunga, gari linatembea, anafurahi kwamba siku hizi linakimbia. Hadi siku ya matope. "Inaingia haisemi ni yake," ndivyo alivyosema, kwa sarufi yake.

Basi. Kuna njia tatu. Ya kwanza, kubaki na gari la kuvuta nyuma tu, na kumpa mama watoto ushindi wake. Ya pili, kutafuta gia za 6.2 za kutia nyuma, na gia nyingine za kutia mbele ambako meno mawili yalikuwa yameshaingia kwenye oili, kisha kumpata mtu wa kuzipanga. Kupanga kraunwili na pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha, si kufunga bolti. Pinioni inasogezwa ndani na nje kwa shimu nyembamba kama karatasi, unapaka rangi kwenye meno, unazungusha, unasoma alama zimegusa wapi. Afande alisema macho yake hayafai tena kwa kazi hiyo na vijana wake bado hawana macho. Ya tatu ni kubadilisha ekseli nzima, mbele na nyuma, kutoka kwenye gari moja.

Tulizipata kwenye yadi ya vyuma chakavu njia ya Tororo. Bedford ya aina ile ile, kabini imeshaliwa na kutu, injini imeshauzwa, imebaki chesisi na ekseli zake mbili kama ng'ombe aliyekufa amesimama. Mwenye yadi alitaka kuziuza pamoja, jambo ambalo ndilo tulilotaka, kwa hiyo Afande alijifanya hataki. Akatoa chaki mfukoni. Mwenye yadi alituangalia tukizungusha magurudumu kama watu waliorukwa na akili. Mbele, sita na karibu robo. Nyuma, sita na karibu robo. Akafungua kizibo cha oili, akachovya kidole, akakisugua, akakinusa. Oili nyeusi si shida. Inayong'aa kama imetiwa unga wa fedha ni chuma kinachojila. Iliyopauka kama chai ya maziwa ni maji. Ya mbele ilikuwa nyeusi. Ya nyuma ilikuwa chai.

Sababu ya chai ile ilikuwa nyigu. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo, kitundu chenye kofia, ili hewa ya ndani ikipata moto itoke. Nyigu walikuwa wamejenga humo nyumba ya udongo. Kipumulio kikiziba, ekseli ikapata moto barabarani halafu ukaingia nayo kwenye maji ya bwawa la mpunga, hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa, na ekseli inavuta pumzi kwa njia pekee iliyobaki, yaani kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Inakunywa. Tulipunguziwa bei kwa sababu ya chai. Beringi zilikuwa bado nzuri, kutu ilikuwa imeanza tu upande mmoja. Sasa vipumulio vyangu vyote viwili vimefungwa mipira mirefu iliyopanda hadi juu ya chesisi, na nchani nimeweka kichujio cha petroli cha pikipiki. Sijaona nyigu anayeingia humo.

Kubadilisha kwenyewe kulichukua siku sita, na siku mbili kati ya hizo tulipoteza kwa jambo moja. Kwenye malori haya ya Kiingereza, nati za magurudumu ya kushoto zinafunguka kinyume. Unazungusha kulia ili ifunguke. Kijana wetu mwenye nguvu kuliko wote alipewa paipu la mita mbili na akaambiwa afungue, naye akafungua kama Mungu alivyomfundisha, kushoto. Nati ya kwanza ilikataa. Akaongeza mwili. Akaita mwenzake. Bolti ya kwanza ikakatika, wakasherehekea wakidhani ni nati imelegea. Walikata tatu kabla Afande hajarudi kutoka msikitini. Alisimama akaangalia, akainama, akafuta matope kwenye kichwa cha bolti kwa kidole gumba, ikatokea herufi L. Hakusema kitu. Alikaa chini akaomba chai.

Chini ya chesisi tuliweka magogo ya mvule, kwa sababu jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Nimeona mtu mmoja tu aliyelibishia hilo, na hayupo wa kulieleza. Yubolti za springi, zile bolti zilizopindwa zinazofunga ekseli kwenye springi, tulizikata kwa gesi na kuzitupa. Watu wanapenda kuzirudisha ili kuokoa pesa, lakini yubolti ikishavutwa kwa miaka imenyooka kidogo na haitashika tena sawasawa, na ekseli inayosogea kwenye springi ni ekseli inayokata bolti ya katikati halafu inakwenda inakotaka. Mpya tulipindiwa Jinja mjini. Ekseli haibebwi na watu wanne, hata wakiwa wametoka kula posho na maharage, kwa hiyo tulitumia mnyororo wa kuinulia uliofungwa kwenye mwembe wa jirani, ambaye alidai maembe yaliyoanguka yalipwe. Tulilipa.

Kuna kitu kimoja ambacho ningekikosea peke yangu. Propela ya nyuma ina krosi mbili, na pande zake mbili zimeungana kwa meno yanayoteleza katikati. Ukiichomoa na kuirudisha hovyo, macho ya pande mbili hayatazamani, na propela itatetemeka kwa mwendo wowote hata kama kila kitu ni kipya. Afande alichora mstari wa chaki kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla haijachomolewa. Chaki ile ile. Nilianza kuamini kwamba mtu huyu alipewa jeshini boksi moja la chaki na ndilo pensheni yake.

Breki, paipu zake, kutoa hewa, yote hayo yalikuwa kazi ya kawaida na matusi ya kawaida. Oili namba 90 mbele na nyuma. Baada ya kilomita 200 tulikaza yubolti tena, na zote nane zilikubali robo mzunguko, ndiyo maana hukazwa tena.

Majaribio tuliyafanya Mayuge, kwenye shamba la shemeji, siku iliyofuata mvua kubwa. Lilipita. Usukani ulikuwa mwepesi, na ndipo nilipojua kwamba ule uzito haukuwa uzee hata kidogo, yalikuwa magurudumu yakigombana miguuni mwangu msimu mzima. Nikafika ukingo wa lami, nikasimama, nikavuta gia kwa vidole viwili. Ikatoka. Nikairudisha ndani, nikaitoa tena. Dereva aliniuliza kama kuna tatizo.

Mwendo umepungua. Kwenye lami kila bodaboda inanipita, na juzi nilipitwa na trela la miwa, dereva akanipungia mkono kwa huruma. Mama watoto bado anaita gari lile banda la kuku.

Ile ekseli ya nyuma ya zamani ilikaa nyuma ya nyumba hadi wiki iliyopita, alipokuja mtu kutoka Iganga mwenye Bedford inayovuta nyuma tu. Alitaka ile kwa sababu ni nzima, na ni nzima kweli. Tulipatana bei, tukaipakia. Kabla hajafunga turubai nilichukua rangi nyeupe na brashi nikaandika kwenye kasha la difu, kwa herufi kubwa kiasi cha kiganja: 5.6, SI YA KUVUTA MBELE. Akaniuliza hiyo namba ni ya nini. Nikamwambia ashuke kidogo, nikaingia ndani kutafuta chaki.